Runinga ya vali iliyolala miaka 40: isichomekwe kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Nimerithi runinga ya zamani sana kutoka kwa babu yangu. Sanduku lake ni la mbao, kioo ni cha mviringo chenye upana wa kama sentimita 25, na ndani nimehesabu vali karibu 30. Nyuma kuna kibati kilichoandikwa volti 117, saikili 60. Imekaa stoo zaidi ya miaka 40. Kaka yangu anasema tuichomeke dakika moja tu tuone kama inawaka. Wengine wananitisha kwamba runinga za chogo zinaua hata zikiwa zimezimwa. Ningependa iwake tena, lakini si kwa gharama ya roho ya mtu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuchomeka, na naomba kaka yako naye asome jibu hili, kwa sababu hiyo dakika moja anayoitaka ndiyo itakayowagharimu kuliko zote.

Runinga ya vali ina vitu vingi vinavyochoka lakini vinapatikana: kapasita zinazohifadhi umeme, rezista zinazoupunguza, waya, hata vali zenyewe, zile chupa za kioo zinazokuza mawimbi, bado zinauzwa na watu waliozihifadhi. Kuna vitu vitatu, hata hivyo, ambavyo vikiungua ni msiba: tyubu ya picha, transfoma kubwa ya umeme, na flaibeki, yaani ile transfoma ndogo iliyofunikwa nta inayozalisha volti za juu za tyubu. Hivyo havitengenezwi tena kiwandani. Sasa tazama mambo yanavyokwenda ukichomeka. Kapasita kubwa za kuchuja umeme zina utando mwembamba wa oksidi unaozuia umeme kupita. Zikikaa miaka 40 bila kazi utando ule unadhoofika, na ute wa ndani unakauka. Zikipewa volti zote kwa ghafla zinapitisha umeme karibu kama kipande cha waya, na mzigo huo wote unabebwa na transfoma. Sekunde chache za mwanzo hutaona kitu. Kisha transfoma itavuma kwa sauti nzito, kisha harufu ya vanishi inayoungua. Ukikimbilia plagi wakati huo, nyuzi za ndani zimeshashikana.

Niliwahi kuletewa runinga ya namna hiyo, mwenyewe akiniapia kwamba aliiwasha kidogo tu. Nilipofungua kizimba cha bati kinachofunika sehemu ya volti za juu nilikuta nta ya flaibeki imetiririka hadi chini ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba saketi, na kuganda kama mshumaa uliosahauliwa. Vitu vingine vyote vilikuwa vizima. Kilichoanzisha balaa ni kapasita moja ya karatasi, kitu cha ukubwa wa kidole. Runinga ile mpaka leo haijawaka.

Kwa hiyo nitakupa kanuni moja, na mengine yote yanatoka humo: kinachoweza kupimwa runinga ikiwa baridi, kipimwe ikiwa baridi. Umeme uje mwisho, uje kidogo kidogo, na uje wakati wewe umeshajua unachotarajia kukiona.

Maelezo yako yananiambia mengi. Kioo cha mviringo cha inchi 10, vali 30, volti 117 na saikili 60, hiyo ni runinga ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1946 RCA ilitoa modeli ya 630-TS, yenye vali 30 na tyubu ya inchi 10 iitwayo 10BP4, na kampuni nyingine nyingi zikaunda za kwao kwa mchoro uleule. Yako huenda ni hiyo au ni ndugu yake. Tafuta namba ya modeli kwenye kibati au kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya sanduku, kisha tafuta mchoro wa saketi yake. Kampuni ya Howard W. Sams ilianza kuwachapishia mafundi michoro ya aina hii mwaka huohuo wa 1946, na mingi inapatikana hadi leo. Bila mchoro usianze.

Tuje kwenye hofu waliyokutia. Ni kweli tyubu ya picha inabaki na umeme baada ya runinga kuzimwa. Kioo chake kimepakwa grafiti nyeusi nje na ndani, kwa hiyo chenyewe ni kapasita. Lakini umeme huo haukai miaka 40. Ulishakwisha zamani, na hatari yake itaanza upya siku utakayoiwasha. Tena hata siku hiyo, si yenyewe inayotangulia kuua. Piga hesabu uone. Tyubu kama yako inapewa takriban volti 9,000. Kama kapasita yake ni pikofaradi 500, nishati iliyomo ni juli 0.02. Inauma, inakurusha, na ubaya wake mkubwa ni kwamba mkono unaorushwa unagonga shingo ya tyubu au unachanwa na ukingo wa chasisi. Sasa chukua kapasita za pawa, yaani zile kubwa za kuchuja umeme: maikrofaradi 100 kwenye volti 350 ni juli 6, yaani mara 300 ya zile za tyubu. Na runinga ikiwa imewaka, transfoma inazijaza tena na tena bila kuchoka, hata mkono wako ukiwa umenasa. Watu wanaogopa chogo, wanakaa mbali nalo, kisha wanashika chini ya chasisi kwa mikono miwili.

Kitu cha pili kinachoua ni chasisi yenyewe. Kama runinga yako ina transfoma kubwa ya umeme, chasisi imetenganishwa na umeme wa ukutani, na hilo ni jambo jema. Runinga nyingi zilizokuja baadaye, hasa za Ulaya na zile za bei nafuu za Marekani, hazikuwekewa transfoma hiyo. Nyuzi za moto za vali zao, zile zinazozipasha joto, zimepangwa mfululizo, moja baada ya nyingine, na chasisi imefungwa moja kwa moja kwenye waya mmoja wa umeme wa ukutani. Plagi ikiingia kinyume, chasisi nzima inakuwa waya wa moto, pamoja na ile skrubu ndogo inayoshikilia kitufe cha sauti. Kitufe kikidondoka, mtoto akishika kijiti cha chuma kilichobaki, ameshika umeme wa ukutani. Namna ya kujua ni rahisi: plagi ikiwa imechomolewa na swichi ya runinga ikiwa imewashwa, pima omu kutoka kila pini ya plagi hadi kwenye chasisi. Ukipata chini ya megaomu moja hivi, ichukulie kuwa chasisi ya moto.

Vyovyote utakavyokuta, tafuta transfoma ya kutenganisha, yaani yenye nyuzi mbili zisizogusana, na runinga ipate umeme kupitia hiyo tu. Variaki, kile chombo cha kupandisha volti taratibu, hakitenganishi kitu; waya wake ni mmoja, na umeme wa ukutani unapita moja kwa moja. Na jambo ambalo hata mafundi wanalisahau: ukishaweka transfoma ya kutenganisha, swichi ya usalama ya nyumbani, ile inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, haikulindi tena. Haioni kinachoendelea upande wako. Ukishika pointi mbili za saketi, hakuna kitakachokata. Ndiyo maana kwenye saketi yenye umeme tunatumia mkono mmoja, wa pili uko mfukoni, pete na saa vimevuliwa, viatu ni vikavu, na chumbani yupo mtu mzima mwingine anayejua swichi kuu ilipo.

Niseme neno kwa wasomaji wenye runinga za zamani kuliko hii, kwa maana nyingine zinatoka kabla ya vita. BBC ilianza matangazo yake ya kawaida ya runinga kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, na Marekani RCA ikatangaza runinga zake kwenye maonyesho ya New York ya 1939. Baadhi ya runinga hizo zina tyubu ndefu iliyosimama wima na kioo cha kujitazamia kwenye mfuniko, na mtazamaji anaangalia picha kwenye kioo hicho. Ndani yake volti za juu hazitoki kwenye flaibeki. Zinatoka kwenye transfoma ya umeme wa ukutani, maelfu ya volti, na kapasita yake ya kuchujia ni kubwa kweli. Maikrofaradi 0.1 kwenye volti 5,000 ni zaidi ya juli moja, na nyuma yake kuna transfoma yenye uwezo wa kusukuma mkondo unaosimamisha moyo papo hapo. Hapo hakuna nafasi ya kukosea hata mara moja. Kama yako ni ya namna hiyo, mpe fundi aliyewahi kuzishika, hata kama wewe ni fundi mzuri wa redio.

Runinga yako si ya kundi hilo, lakini jizoeze kumwaga umeme, yaani kuondoa uliobaki ndani, tangu sasa, ingali salama, ili mkono uzoee. Chukua rezista inayohimili volti za juu, au kadhaa zilizoungwa mfululizo zifike jumla ya megaomu 10, ziunge kwenye waya wenye ganda nene, na mwisho wake uwe ncha ndefu ya chuma yenye mpini wa plastiki. Upande wa pili ni klipu ya mamba. Klipu inaanza kushika chasisi, ndipo ncha inaingia chini ya kofia ya mpira ya tyubu. Usigeuze mpangilio huo hata siku moja. Shikilia sekunde 10. Ondoa, subiri dakika kadhaa, rudia. Kioo kina tabia ya kurudisha sehemu ya chaji yake baada ya kumwagwa, na wengi wamerushwa na tyubu waliyoimwaga wenyewe muda mfupi uliopita. Kapasita za pawa zimwage kwa rezista ya omu 1,000 ya wati 10, kisha hakikisha kwa mita kwamba volti zimeisha. Usitumie bisibisi tupu. Ule mlio wa cheche unaharibu kapasita na unakutisha ukiwa karibu na kioo.

Na kioo chenyewe kina hatari yake isiyohusu umeme. Ndani ya tyubu hakuna hewa. Hewa ya nje inaisukuma kwa kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, na uso wa inchi 10 una sentimita za mraba 500 hivi. Kwa hiyo uso wa runinga yako, wenye ukubwa wa sahani, umebeba nusu tani usiku na mchana tangu ulipotengenezwa. Ikivunjika inajikunja kwa ndani halafu vigae vinaruka nje. Vaa miwani ya kukinga macho na shati la mikono mirefu kila unapoitoa au kuirudisha, usiinyanyue kwa shingo, na ukiilaza ilalie uso wake juu ya blanketi. Kioo kile cha kinga kilicho mbele yake kwenye sanduku usikiondoe ukaacha runinga iwake bila hicho. (Tyubu nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa na kioo cha kinga kilichobandikwa moja kwa moja, gundi yake ikizeeka inafanya mawingu meupe pembezoni, kama mtoto wa jicho. Yako haina tatizo hilo.)

Vumbi la ndani lishughulikie kwa barakoa na kitambaa chenye unyevu, kamwe usilipulizie hewa. Baadhi ya chasisi zilipakwa kadimiamu, nayo ikizeeka inatoa unga wa njano au mweupe wenye sumu. Karatasi za kukinga joto ndani ya sanduku zinaweza kuwa za asbesto. Nawa mikono kabla ya kula. Piga picha kila upande kabla hujagusa waya wowote.

Baada ya usafi, kabla hujanunua hata kapasita moja, ipime tyubu. Ikiwa imekufa, utajua mapema kwamba unachorithi ni sanduku zuri na kumbukumbu ya babu, na uamuzi wa kuendelea utaufanya macho yakiwa wazi. Zima taa kubwa, chukua tochi, umulike shingo ya tyubu. Tafuta doa linalong'aa kama fedha au kioo, limepakwa kwa ndani. Hiyo ndiyo geta, madini yaliyochomwa kiwandani ili yanyonye mabaki ya hewa. Likiwa bado linang'aa, hata likiwa na kingo za kahawia, hewa haijaingia. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, tyubu imevuta hewa na haina dawa. Fanya vivyo hivyo kwa kila vali: juu au ubavuni utaona doa kama hilo. Mara ya kwanza unapokuta moja nyeupe kati ya 30 za fedha huwezi kuisahau, inaonekana kama jicho la kipofu.

Geta ikiwa nzuri, pima nyuzi ya moto ya tyubu kwa mita. Ikiwa baridi utapata omu chache tu. Kisha ipe volti 6.3 kutoka kwenye chanzo kidogo cha pembeni, soketi ya tyubu ikiwa imechomolewa. Tyubu ya 10BP4 inavuta ampea 0.6. Baada ya nusu dakika utaona mwanga mdogo wa chungwa ndani kabisa ya shingo. Kwa tyubu ambayo imelala miaka 40, mwanga huo ni habari njema sana, na mimi bado huwa naita watu wa nyumbani waje kuuona. Kama una chombo cha kupima nguvu ya kathodi, sehemu ya tyubu inayotoa miale, kitumie. Ila vile vyombo vya kufufua tyubu kwa kuichoma kwa volti kubwa viache. Ni hatua ya mwisho ya mgonjwa asiye na tumaini, na tyubu dhaifu nyingi zinaimarika zenyewe zikiwashwa kwa saa kadhaa.

Sasa kapasita, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo runinga za vali zinapofia. Zile za karatasi, ndefu, zilizofunikwa nta ya njano au plastiki ya kahawia, badilisha zote. Usizipime ukachagua nzuri. Nitakuonyesha kwa nini. Kapasita ya maikrofaradi 0.01 inapitisha sauti kutoka vali moja kwenda nyingine. Upande mmoja kuna volti 200, upande wa pili kuna gridi ya vali ya spika, yaani waya wa ndani unaoongoza mkondo wa vali, yenye rezista ya kiloomu 470 kwenda chasisi. Kazi ya kapasita ni kupitisha sauti na kuzuia zile volti 200. Mita yako inapima kwa betri ya volti chache, inakwambia haivuji, na maikrofaradi zake zinasoma sawasawa. Ipe volti 200 halisi, nayo inavuja kana kwamba ni rezista ya megaomu 20. Unaweza kudhani ni kitu kidogo. Lakini gawanya volti hizo: gridi inapata karibu volti 4.6 chanya. Vali iliyopaswa kukaa kwenye hasi 10 imekaa kwenye hasi 5.4, inavuta mkondo mkubwa, inapasha moto transfoma ya spika, joto linalainisha nta ya kapasita, kapasita inavuja zaidi. Mambo hayo yanazidishana mpaka kitu kiungue. Kwenye runinga, kapasita kama hiyo ikiwa kwenye saketi ya mlalo, inayosogeza miale kushoto na kulia, kinachoungua ni flaibeki. Ndiyo ile nta niliyoikuta imeganda.

Weka kapasita za filamu za kisasa zenye maikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi. Badilisha moja, hakikisha, ndipo uende inayofuata. Anayekata kumi kwa pamoja atatumia wiki nzima kutafuta alipokosea. Zile kubwa za kuchuja, zilizo ndani ya mikebe ya alumini, kuna wanaozizoesha upya kwa kupandisha volti polepole kwa saa nyingi. Inawezekana, na kwa jumba la makumbusho ina maana. Kwa runinga itakayotazamwa na familia mimi nabadilisha. Ukitaka chasisi ibaki na sura yake, acha mikebe ya zamani juu, iondoe kwenye saketi kabisa, na uweke mpya chini. Kapasita yoyote inayounga waya wa ukutani na mwingine, au na chasisi, iwe ya daraja la usalama: X2 kati ya nyaya mbili, Y2 kwenda chasisi. Ya kawaida ikipasuka hapo inachoma nyumba. Zile bapa za maika na za kauri huwa nzima, ziache.

Rezista za kaboni zinapanda thamani kwa uzee. Iliyovuka asilimia 20 itoe. Waya wa umeme wenye mpira uliopasuka utoe pia, lakini kama waya huo unachomoka wenyewe ukifungua mfuniko wa nyuma, rudisha mpangilio huo. Uliwekwa ili mtu asiufungue runinga ikiwa hai. Na wenye runinga zilizo na rektifaya ya seleniamu, yaani kinyoosha umeme cha vibati vilivyopangwa kama vitabu, itoeni kabla haijaungua. Moshi wake una sumu, na harufu yake ya kitu kilichooza hukaa chumbani siku kadhaa. Mkiweka dayodi ya silikoni badala yake, ongezeni rezista ya kushusha volti, la sivyo vali zote zitapata volti nyingi kuliko zilivyozoea.

Runinga za rangi za miaka ya 1960 nazo zina jambo lao: volti zake zinafika 25,000 na zaidi, na kwa volti hizo baadhi ya vali zinatoa miale ya eksirei. Marekani ilitunga sheria ya mionzi mwaka 1968 baada ya runinga za rangi kugundulika zikivuja miale. Bati la kizimba lirudi mahali pake kabla ya kuwasha, na volti zisipandishwe juu ya zilizoandikwa na kiwanda. Volti 9,000 za yako hazifiki huko.

Sasa umeme. Runinga inataka volti 117 kwa saikili 60. Kama umeme wako ni volti 220 hadi 240, utahitaji transfoma ya kupunguza, na kama ni saikili 50 transfoma ya runinga itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa, kwa hiyo ipe volti 110 badala ya 117 na usiiwashe muda mrefu. Kati ya umeme na runinga, weka mfululizo balbu ya zamani yenye nyuzi, ya wati 100. Balbu za LED hazifanyi kazi hiyo. Balbu ni mlinzi wako: runinga ikivuta kupita kiasi, balbu inang'aa na kubeba mzigo badala ya transfoma.

Toa vali zote, pamoja na ya kunyoosha umeme, ile inayougeuza uwe wa mwelekeo mmoja. (Hii ni kwa runinga yenye transfoma, zenye vali za mfululizo zinazima zote ukitoa moja.) Washa. Balbu inatakiwa imwekemweke halafu ififie kabisa. Ikibaki na mwanga mkali, transfoma ina shoti ndani, na umeligundua hilo bila kuunguza kitu. Ikififia, iache nusu saa, zima, chomoa, gusa transfoma: iwe vuguvugu tu. Rudisha vali, isipokuwa ya kunyoosha umeme. Balbu sasa itawaka kiasi, maana vali 30 zinavuta wati nyingi kwa joto lao, hilo lisikutishe. Angalia zote zinapata mwanga wa chungwa, hata ukiwa hafifu.

Kisha rudisha ya kunyoosha umeme. Mnaotumia variaki jihadharini: volti zikiwa nusu, vali hiyo haipati joto la kutosha na kapasita hazioni kitu, halafu volti zinaingia zote kwa pamoja. Balbu ni ya kuaminika zaidi hapa. Mita iwe imeshaungwa kwenye volti kuu kabla ya kuwasha, kwa klipu, usishike ncha kwa mkono. Volti zipande na kutulia.

Macho yako yote yawe kwenye vali moja: ile ya mlalo, iliyo karibu na flaibeki, yenye kofia ya chuma juu. Vali hiyo inategemea mawimbi yanayotoka hatua ya nyuma yake ili ijizuie. Yakikosekana inavuta umeme bila kizuizi, na bati lake la ndani linageuka jekundu kama kaa la moto. Una sekunde chache tu. Weka fyuzi ya ampea 0.25 kwenye njia yake, unga mita ya pili kwenye gridi yake, na ukiwasha utarajie volti hasi za makumi. Zikikosekana, zima mara moja urudi kwenye mchoro. Usiguse kofia ya juu kwa ncha ya mita hata kama unataka sana kujua: pale pana mapigo ya maelfu ya volti.

Yote yakiwa sawa, ongeza balbu hadi wati 200, kisha itoe kabisa. Punguza mwangaza, na uangalie kioo chumba kikiwa na giza. Mwanzoni huenda usione kitu, kwa sababu tyubu za kipindi hicho zina sumaku ndogo shingoni inayoelekeza miale mahali pake. Ikiwa imesogea, giza linabaki, na miale inaunguza shingo kwa ndani. Isogeze taratibu kwa mkono mmoja uliovaa glovu ya kuhami umeme, mbele na nyuma na kuizungusha, mpaka mwanga uwe mkali kadiri unavyoweza, na uifanye dakika za mwanzo kabisa. Ukiona mstari mmoja mwembamba wa kulala katikati ya kioo, saketi ya wima haijaamka. Shusha mwangaza haraka, mstari huo unachora alama isiyofutika.

Picha utaipata kutoka kwenye kicheza DVD au chombo chochote chenye mfumo wa NTSC, mistari 525, kikipitia kigeuzi kinachotoa chaneli ya 3. Stesheni kubwa za Marekani zilizima analogi tarehe 12 Juni 2009, kwa hiyo antena haitakupa kitu. Kigeuzi hicho kinatoa kwa waya wa omu 75 na runinga ya enzi hizo inataka waya bapa wa omu 300. Weka kiungio kidogo cha kulinganisha kati yao. Wenye runinga za Uingereza za mistari 405, ambazo matangazo yake yalizimwa Januari 1985, watahitaji chombo cha kugeuza mistari.

Saa ya kwanza kaa nayo, usitoke chumbani. Ikifika dakika 60 zima, chomoa, mwaga umeme wa tyubu na wa pawa, pima uhakikishe, kisha gusa transfoma, flaibeki na kila kapasita uliyoweka kwa nyuma ya kidole. Ukikuta moja ina joto kuliko wenzake, iandike. Hiyo ndiyo utakayoanza nayo kesho.